Adapta ya maiki ndogo kwenda XLR: "Washa tu 48V, mkuu"

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake: nyota moja. Nimenunua vifaa vibovu vingi maishani na nikanyamaza, maana ukilipa kidogo unajua umejitakia. Rahisi ni ghali, tumeambiwa tangu utotoni. Lakini hii sinyamazi.

Kifaa chenyewe ni kile kijichuma kifupi, upande huu tundu la jeki ndogo ya milimita 3.5, upande ule XLR ya kiume, ile plagi ya duara yenye pini tatu inayotumika kwa maiki za studio. Kazi yake ni kuichukua maiki ya kubana kwenye kola, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, na kuiingiza kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Uzito, rangi na urefu vimo kwenye tangazo, katazameni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu la kuzungumza, nalo ni sauti ya mgeni wangu.

Mgeni huyu ni mzee ambaye nilimfuatilia kwa muda mrefu sana hadi akakubali kukaa kwa mazungumzo. Akaja kwa wakati, akakaa, akasema wazi kwamba hana siku nzima. Nikambana maiki kifuani, nikachomeka jeki kwenye adapta, adapta kwenye waya wa XLR, waya kwenye mikisa. Nikavaa hedifoni, nikamwomba aseme lolote. Mzee akaanza kunieleza habari za safari yake ya kuja.

Nilichosikia sijui hata nikielezeje. Sauti ipo na haipo. Zile "s" na "ch" zinapita, pumzi inapita, mdomo unasikika ukifunguka, lakini kifua cha mtu hakimo kabisa, kama anaongea nyuma ya bati. Nikaongeza geni, kile kitufe cha kukuza sauti inayoingia. Kilichopanda ni mchakacho wa kelele, mzee akabaki kule kule. Nikabadilisha chaneli. Nikabadilisha waya. Mzee akatazama saa. Nikaichomoa maiki ile ile nikaichomeka moja kwa moja kwenye kamera: sauti ikaja nene, safi, hadi mkwaruzo wa kidole chake kwenye shati unausikia. Nikairudisha kwenye adapta, bati lile lile. Kwa hiyo msiniambie habari za maiki mbovu. Mazungumzo yote nikayarekodi kwenye kamera, yeye akisikika vizuri na mimi mwenye kuuliza nikisikika kama niko chumba cha pili. Mikisa niliyoiandaa tangu asubuhi ikakaa pale mezani inawaka taa bure.

Hadi hapo ningewapa nyota mbili. Kifaa kimegoma, hutokea. Kilichonipandisha presha ni mazungumzo na muuzaji.

Nikaandika kwa adabu, nikaeleza kila kitu, nikatuma na kipande cha sauti ili asikie mwenyewe. Jibu: "Maiki yako mbovu." Nikamwambia kwenye kamera inafanya kazi, sikiliza kipande cha pili. Jibu: "Basi mikisa." Nikamwambia mikisa ile ile, chaneli ile ile, maiki yangu kubwa inaimba vizuri. Akakaa kimya muda, kisha akaja na hii: "Washa tu 48V, mkuu. Hizi maiki zinataka umeme." Akaweka na kile kikatuni cha kucheka hadi machozi. Hiyo 48V ndiyo umeme wa fantomu, volti 48 ambazo mikisa huzipeleka kwenye maiki kupitia waya ule ule wa XLR. Nikauliza, una uhakika adapta hii inaupunguza huo umeme kabla haujafika kwenye maiki? Akajibu: "Wateja wengine hawana shida. Ukiwa hujui vifaa tafuta fundi."

Sawa. Nikatafuta bisibisi.

Ganda linafunguka kwa skrubu moja ndogo iliyo karibu na shingo ya XLR. Ndani, ndugu zangu, kuna nyaya tatu. Nyekundu inatoka kwenye ncha ya jeki inakwenda pini ya 2. Nyeupe inatoka kwenye pete ya jeki inakwenda pini ya 3. Ya tatu, isiyo na ganda, inatoka kwenye shina kwenda pini ya 1. Basi. Hakuna kibao cha saketi, hakuna rezista hata moja, hakuna kapasita. Hewa tupu na tone la lehemu lililomwagika vibaya. Na kwenye kifungashio wameandika kwa herufi za dhahabu kwamba kinapatana na umeme wa fantomu. Kinapatana kwa maana gani? Kwa maana kwamba chenyewe hakitaungua, maana hakina cha kuungua.

Hapo ndipo sauti ya bati ilipopata maelezo. Ingizo la XLR kwenye mikisa linafanya hesabu moja tu, nayo ni ya kutoa: linachukua kilichokuja pini ya 2, linakitoa kilichokuja pini ya 3, linabaki na tofauti. Ndiyo siri ya waya wa XLR kutembea mita nyingi bila kuokota mvumo, kwa sababu mvumo ukiingia unaingia kwenye nyaya zote mbili sawasawa, na kwenye kutoa unafutika. Hesabu nzuri sana hiyo. Sasa maiki nyingi za kola za kamera zina jeki ya stereo lakini kapsuli moja, yaani kijisehemu kimoja cha kunasa sauti, kwa hiyo sauti ile ile wanaipeleka kwenye ncha na kwenye pete ili kamera irekodi kushoto na kulia. Ichukue sauti hiyo, ncha uitie pini ya 2, pete uitie pini ya 3. Tano toa tano. Mikisa ikamwona mzee wangu kama mvumo ikamfuta, ikaniachia masazo ya ile tofauti ndogo kati ya njia mbili. Haikukosea, ilitii. Waya wa namna hii unafaa kwa kitu kinachotoa ishara mbili zilizo kinyume, si kwa maiki ya kola, na aliyeweka maiki ya kola pale kwenye picha ya tangazo ama hakujua au alijua.

Tuje kwenye "washa tu 48V". Nikachomeka adapta bila maiki, nikawasha fantomu, nikaweka ncha za mita kwenye tundu la jeki, moja kwenye ncha na nyingine kwenye shina. Karibu volti 48 kamili. Zimepita kama zilivyotoka kwenye mikisa, hazikuguswa na kitu. Maiki yangu inaendeshwa na betri ya kidonge ya volti 1.5. Zile zisizo na betri hupewa na kamera volti chache tu, mara nyingi kati ya 2 na 5, na kapsuli nyingi za namna hiyo zinahesabiwa kufanya kazi hadi volti kama 10. Na huyu bwana, kwa kikatuni cha kucheka, ananiambia niipige 48. Angekuwa mtu mwingine, mwenye kuamini kwamba anayeuza anajua anachouza, sasa hivi ana maiki iliyokufa na anaambiwa atafute fundi.

Si jambo la siri hili. Fantomu ya 48 ipo tangu 1966, Neumann, watengeneza maiki wa Ujerumani, walipoipelekea redio ya taifa ya Norwei, NRK, maiki zao za KM 84, na volti hizo 48 zilichaguliwa kwa kuwa studio zile tayari zilikuwa na umeme huo wa taa za dharura. Kapsuli ya elektreti, yaani yenye chaji ya umeme ya kudumu, iliyomo kwenye maiki hizi ndogo walishaitengeneza Gerhard Sessler na James West kule Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, mwaka 1962. Vitu viwili vya zaidi ya miaka hamsini, kila kimoja kinajulikana kinataka nini, na bado kuna mtu anaviunganisha kwa nyaya tatu na kuuita huo ni ubunifu.

Kuna watakaosema, si uzime fantomu uendelee na maisha? Mikisa yangu, kama mikisa nyingi ndogo, ina swichi moja ya fantomu kwa chaneli zote. Siku nikitaka kutumia maiki yangu ya kondensa kwa ajili yangu na ya kola kwa mgeni, ya kwangu haiishi bila 48 na ya mgeni haipaswi kuiona 48. Ndiyo sababu mtu ananunua adapta. Kama ni kubadilisha umbo la plagi tu, ningelehemu mwenyewe.

Baadaye nikanunua nyingine, ya aina ile yenye kisaketi ndani. Kampuni ya RØDE wanayo ya namna hiyo, VXLR+, inayopokea fantomu ya volti 12 hadi 48 na kuishusha hadi kati ya 3 na 5 kabla ya kuipa maiki. Ya kwangu ni ya kampuni nyingine lakini kazi ni ile ile: pini ya 3 haibebi sauti ya maiki, kwa hiyo hakuna kufutana, na umeme unaofika kwenye kapsuli ni wa kipimo chake. Nikaipa maiki ya kola isiyo na betri, nikawasha fantomu, nikapiga kikohozi cha majaribio. Kifua kikarudi. Nilicheka peke yangu. Nikaiweka adapta karibu kabisa na mtu anayeongea, ule waya mwembamba wa maiki ukabaki mfupi kama ulivyo, na urefu wote wa kufika mezani ukabebwa na XLR. Simu imelala karibu na waya huo na sikusikia ule mlio wake wa kutafuta mtandao. Kuna wanaotaka ile yenye transfoma ndani, na wana haki, maana transfoma inaipa mikisa ishara mbili za kweli zilizo kinyume na wakati huo huo haipitishi fantomu kwenda kwenye maiki. Ila maiki isiyo na betri itakufa njaa pale, hilo mlijue. Na mwenye maiki ya simu, yenye jeki ya sehemu nne (ncha, pete mbili na shina), asijaribu hata moja kati ya hizi bila kigeuzi chake, kwa sababu kwenye simu nyingi za sasa sauti ya maiki iko kwenye shina, mahali ambapo adapta inategemea kukuta ardhi ya umeme. Utapata kimya safi.

Sasa nirudi kwenye ile ya kwanza, maana kuna jambo linanisumbua.

Sikuitupa. Jioni moja nikaishika tena, nikawasha chuma cha kulehemu, nikaung'oa ule waya mweupe kutoka pini ya 3, nikauacha unaning'inia umefungwa gundi, kisha nikaiunga pini ya 3 na pini ya 1 kwa kipande kifupi cha waya. Nikafunga ganda. Maiki yenye betri, fantomu imezimwa, hedifoni kichwani. Ilitoka sauti nzuri, sitadanganya. Nzito, ya karibu, bila mchakacho. Na ganda lenyewe, lazima nikiri, ni imara kuliko la ile mpya. Tundu la jeki linabana, halichezi hata ukiuvuta waya. Ile mpya ukiigusa vibaya inakwaruza. Pini za XLR zimekaa sawa, kufuli inashika kwa mlio wa kuridhisha. Yaani mtu aliyechonga chuma hiki anajua kazi yake. Nimeitumia mara kadhaa tangu hapo, siku ambazo sihitaji fantomu kwenye chaneli yoyote, na haijaniangusha.

Kwa hiyo nilikuwa nimekaa hapa kubadilisha hukumu. Nyota tatu, nikawaza: chuma kizuri, nyaya mbaya, mwenye chuma cha kulehemu anunue afurahi. Wengine mnalehemu vizuri kuliko mimi, mngeweza hata kuzitia kapasita mle ndani kuizuia 48, nafasi ipo tele kwa sababu wao hawakuitumia.

Kabla sijaituma hii nikamwandikia muuzaji mara ya mwisho, bila hasira, nikampa picha ya ndani na maelezo ya kurekebisha, ili awaambie kiwandani na asiendelee kuwaambia watu wawashe 48. Amejibu leo. "Asante mkuu, tumefurahi tatizo lako limetatuliwa. Tunaomba utupe nyota tano." Chini yake kaweka kiungo cha kununua ya pili. Nimekifungua. Tangazo ni lile lile, picha ya maiki ya kola ni ile ile, na kwenye sehemu ya maswali kuna mtu kauliza kwa nini sauti yake inatoka nyembamba. Kajibiwa awashe 48V.

Nyota moja. Na ndugu uliyeuliza pale, kama unasoma hapa: usiwashe.