ASMI kwa kivinjari au kwa terminali?

Seva nyingi za IBM Power za vizazi vya POWER6 hadi POWER9 huwa na prosesa ndogo ya huduma, FSP, inayoishi muda wote umeme ukiwepo hata kama seva yenyewe imezimwa. Menyu zake za kuisimamia seva huitwa ASMI, na njia za kuzifikia ni mbili.

Kivinjari ndicho chaguo langu karibu kila mara. Unachomeka kebo ya mtandao kwenye tundu la mtandao la FSP lililoandikwa HMC1, unaipa laptopu anwani ya mtandao uleule, kisha unafungua https://169.254.2.147, anwani ya kiwandani pasipo DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao yenyewe). Hapo utasoma kumbukumbu za hitilafu, utatenga RAM au prosesa inayoshukiwa na kuchagua upande wa fimwea (programu ya ndani ya mashine) wa kuwashia: wa muda au wa kudumu. Muhimu zaidi, hufanya kazi hata seva ikiwa inahudumia watu. Nywila ya kiwandani ibadilishwe mapema, tafadhali.

Terminali ya maandishi, kupitia tundu la siriali, ina menyu pungufu, na hufunguka tu seva ikiwa imesimama kusubiri kuwashwa. Ikishaanza kuwaka, huipati. Kusogeza menyu kwa kubonyeza namba kunachosha pia. Lakini kama aliyekutangulia alibadilisha anwani ya FSP bila kuiandika popote, kivinjari hakina msaada. Kebo ya siriali haihitaji anwani: unaingia, unasoma mipangilio ya mtandao, unairekebisha, unarudi kwenye kivinjari.