Drams za umeme "hazina kelele"? Muulizeni bibi wa chini

Jamani acha niseme tu. Nilinunua drams za umeme Kariakoo, duka silitaji, mwenyewe akisoma atajijua, kisa muuzaji kaniapia kwa mdomo wake "bro hizi unapiga saa nane usiku na mtoto kalala pembeni". Na mimi napiga drams kanisani, mazoezi ya kwaya mara moja kwa wiki, nimepanga ghorofa ya kwanza Tabata, nikaona basi hapa hapa. Milioni na laki mbili ikaondoka, hela yote ya mchezo.

Siku za mwanzo raha tupu. Ngozi zake ni za neti, kama chandarua hivi, fimbo inarudi yenyewe, hedifoni masikioni, mi najiona niko jukwaani kabisa na aliyekaa kitandani anasikia tik tik tik kama mtu anachapa barua. Nikazisifia kwa kila mtu.

Kama wiki ya tatu hivi bibi wa chini akaniita. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, hebu kaa hapo. Wala hakugomba. Akasema mdogo wangu apige kule juu, mi nitulie kwenye kochi lake nisikilize. Aisee. Drams zenyewe husikii, ila dogo akikanyaga pedali ya kiki, ile ngoma ya mguu, dari linaitika duu, na kwenye kabati la vyombo glasi zinagongana, ching, ching. Wimbo mzima nimeufuata kwa glasi, mpaka nikajua dogo anakimbiza biti. Nikasema pole bibi. Akanijibu "pole wape hizo glasi, za harusi yangu".

Hapo ndo nikaelewa. Kelele ya hewani haipo, sawa, ila nyundo ya pedali inagonga pedi, pedi inatikisa stendi, stendi inatikisa sakafu, na zege halina siri, linapeleka yote chini. Hedifoni inakuficha wewe tu. Sasa muuzaji mzima wa vyombo vya muziki hilo hulijui? Na wala si kitu cha jana, kampuni ya Roland wanatoa drams zao za umeme za neti, V-Drums, tangu 1997!

Nikarudi dukani, kwa adabu kabisa, nikauliza kama wana chochote cha kuweka chini ya pedali. Jamaa hata macho hakutoa kwenye simu, anawaambia wenzake "huyu kanunua ngoma anashangaa zinalia". Duka zima kicheko, mpaka yule kijana aliyenibebea mzigo siku ile nikampa buku mbili ya soda, naye anacheka. Kuhusu drams ningesamehe, ile buku mbili ndo inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo msinunue. Yaani ukiwa ghorofani msinunue. Ukiwa nyumba ya chini chukua tu, ni nzuri, sitaki kuwa mwongo, ila si kwa yule.

Nimejaribu kila kitu. Mbao mbili za plaiwudi na mipira ya tenisi katikati, pedali na stendi juu yake, imepungua sana, bibi anasema sasa ni kama mtu anatembea na kobazi. Godoro la povu lilinyonya mtikisiko lakini pedali inayumba kama mtumbwi. Kuna mwenzangu ana matoazi ya Zildjian L80, yale yenye matundu kama chujio, yanapunguza kweli, ila kwenye chumba cha kupanga bado ni kelele, msidanganyane.

Kilichonisaidia kweli kwenye mikono ni cha bei ya chapati. Fundi viatu wa kona kanikatia raba ya soli, kaigandisha kwenye kipande cha ubao, naweka mapajani napiga saa yoyote. Fimbo inaruka vizuri kabisa. Mto pia napigia, haurudishi fimbo hata kidogo, dakika kumi tu viwiko vinawaka moto.

Drams naziuza. Milioni moja, au laki tisa kwa mwenye usafiri wake. Ingawa jana umeme ulipokatika nilikaa nazo gizani nikapiga hivyo hivyo bila sauti, neti zile dah... ngoja kwanza, wiki hii siuzi.