Spika za mlango kwa pikapu isiyo na ampu: wati 500 za kwenye boksi ziache dukani

Ukiingia maduka ya redio za magari hapa Mombasa, spika ya inchi 6.5 iliyoandikwa "500W" ndiyo utakayotolewa kwanza. Kwa Hilux au D-Max inayotegemea redio peke yake, bila ampu (amplifaya, kifaa cha kuongeza nguvu ya sauti), hiyo ndiyo ya kuacha.

Geuza redio utazame fyuzi ya nyuma. Nyingi zina ya ampea 10. Zidisha kwa volti 14 za gari likiwa linanguruma, unapata wati 140 kwa redio nzima, na sehemu yake hupotea kama joto. Sasa ile "50W x 4" ya usoni itatoka wapi? Kinachofika kwa kila spika kabla sauti haijaanza kukwaruza ni kama wati 15 hadi 20. Spika yenye koni nzito (koni ni ule uso unaotetemeka), iliyoundwa kwa ampu kubwa, kwa wati hizo inanong'ona tu.

Namba ya kutafuta imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa boksi: sensitiviti, yaani desibeli zinazosikika umbali wa mita moja kwa wati moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. Spika ya desibeli 92 ikipewa wati 15 inatoa sauti ambayo ya desibeli 86 ingedai wati 60 kuitoa. Chukua ya 90 kwenda juu. Ila soma na kipimo chenyewe: kama wameandika 2.83V badala ya 1W, kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) hizo ni wati 2, kwa hivyo toa desibeli 3 ndipo ulinganishe. Watengenezaji wanajua wanachofanya hapo.

Omu ziwe 4. Fundi akikuunganishia spika mbili sambamba kwenye waya mmoja wa redio, zinakuwa omu 2. Redio itachemka na kujizima ukiongeza sauti.

Koni nayo isichukuliwe kimzaha kwa hewa yetu ya chumvi. Ukingo wa sponji hukauka na kumeguka, na karatasi tupu hulainika maji ya masika yakiteremka kwenye kioo. Plastiki ya polipropilini yenye ukingo wa mpira ndiyo inayodumu. Koaxial ya njia mbili, yaani spika yenye twita (kispika cha sauti nyembamba) katikati yake, inatosha. Vile vitwita vya ziada vya "njia nne" ni mapambo. Komponenti, yaani seti ambayo twita imetenganishwa na spika, zinapanga sauti vizuri zaidi mbele yako, lakini bila ampu, tofauti hiyo hailingani na bei. Mtumba wa Japani uliotoka kwenye Toyota si wa kudharau, koni zake ni nyepesi na zinaimba kwa wati chache. Bonyeza ukingo kwa kidole kabla ya kulipa.

Kufunga ndiko kunakoharibu spika nzuri. Teremsha kioo chote, kisha pima kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Sumaku ndefu itakikwaruza. Za kiwandani zikiwa zimepigwa riveti, toboa vichwa vyake kwa drili na uzibe tundu kwa kitambaa, maana vumbi la chuma hukimbilia sumaku. Kama tundu ni la 6x9, utahitaji pete ya kupunguza. Ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) huvimba kwa unyevu wa hapa, afadhali kuchonga ubao wa plastiki wa kukatia mboga wenye unene wa milimita 12. Weka utepe wa sponji kati ya pete na bati, na urudishe nailoni ya mlango bila kuacha mwanya. Hewa ya nyuma ya koni ikivuja na kukutana na ya mbele, besi inapotea, na watu hulaumu spika.

Kabla ya kurudisha paneli, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya: koni ikisukumwa nje, upande wa chanya wa betri ndio chanya ya spika. Waya za mlango mmoja zikigeuzwa, besi hufa katikati ya kabini. Kisha weka redio ikate besi za chini ya hezi 80, na uzime "loudness", kitufe kinachoongeza besi.

Kwa lori la volti 24 lenye redio ya volti 12, usichukue umeme kwenye betri moja. Hiyo huisha mapema na nyingine huchajiwa kupita kiasi. Funga kipunguza volti cha angalau ampea 10, karibu na redio.