Nyota nne kwa wahudumu wa ndege, moja kwa meza ya geti

Nilikaa kiti 1C, kile kinachotazamana na kiti cha kukunja cha mhudumu mkuu. Wengi hawakipendi kwa sababu mkoba hauruhusiwi kukaa miguuni ndege ikiruka au kutua. Safari hii nilikishukuru, maana ningekaa nyuma nisingekuwa na la kuandika.

Mnijue kwanza. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa 19 huu, na ndege naziogopa. Siyo woga wa kupiga kelele. Ni ule wa kuhesabu safu za viti mpaka mlango wa dharura, kisha kuzihesabu tena.

Tulikuwa angani kama dakika 50, trei zinakusanywa, ikalia "ding" na taa ndogo nyekundu ikawaka karibu na jiko. Mhudumu mkuu akamwachia mwenzake toroli, akavuta pazia nusu, akachomoa kalamu, ndipo akainua simu ya ndani. Kalamu kwanza, simu baadaye. Mimi macho yaliganda kwenye ile kalamu.

Akaandika mistari minne. Halafu nikamsikia akiisoma yote kwa sauti ya chini, akimrudishia aliyempigia: tatizo ni nini, rubani amekusudia kufanya nini, muda uliobaki, maelekezo maalumu. Ndipo akakata. Moyo wangu ulitulia hapo hapo, hata kabla sijajua kilichoharibika. Kazini kwetu daktari akitaja dozi kwa mdomo hatuitikii "sawa", tunamtajia dozi yenyewe tena na njia ya kuitoa. Wa kuogopwa ni yule anayeitikia "sawa" haraka haraka.

Akawaita wenzake wawili nyuma ya pazia, akawasomea, nao wakarudia. Dakika mbili hazikufika, kila mtu yuko kwenye ushoroba na uso ule ule wa kugawa chai.

Kisha rubani mkuu akatangaza. Nanukuu ninavyokumbuka: "Ndege hii ina mitambo miwili ya kuingiza na kupoza hewa ya kabini. Mmoja umepata joto kupita kiasi, tumeuzima. Wa pili unatosha, ila tutashuka chini kidogo na mtahisi joto. Safari inaendelea, tumebakiza dakika 70." Basi. Hakusema "msiwe na wasiwasi", jambo ambalo mimi huniongezea wasiwasi.

Joto lilikuja kweli. Mtoto wa safu ya pili alivuliwa soksi, shati la jirani yangu likaganda mgongoni. Maji yaligawiwa mara mbili bila mtu kuomba. Nahisi huo ndio ulikuwa mstari wa nne wa ile karatasi. Ila ndege ilipoanza kushuka na mlio wa injini kubadilika, hakuna aliyetuambia kuwa huku ndiko kule kushuka tulikoambiwa. Watu walitazamana. Sentensi moja tu ingetosha, na nyota ya tano ilipotelea hapo.

Tulitua tumechelewa dakika 15. Rubani mkuu alisimama mlangoni kuaga abiria, nami sikuona haya, nikamuuliza. Akaniambia taa iliyowaka kwao, kwenye chumba cha marubani, ilikuwa ya rangi ya chungwa. Nyekundu ni ya kushughulikiwa papo hapo. Ya chungwa inakutaka ujue kuna jambo, uitulize ndege, kisha ufuate hatua zake. Rubani mmoja aliendelea kuirusha ndege na kuzungumza na waongozaji wa ndege, tatizo hakuligusa. Mwenzake ndiye aliyesoma hatua kwenye skrini moja baada ya nyingine. Na zipo swichi ambazo ukizikosea huna pa kurudi, hizo hazibonyezwi mpaka wote wawili wahakikishe kuwa kidole kiko mahali pake.

Hilo la kugawana kazi nalijua kwa sababu ya kusikitisha. Kwenye mafunzo ya kazi ya pamoja hospitalini tulifundishwa ajali ya ndege ya Eastern Air Lines, Desemba 1972, huko Florida. Taa ya gurudumu la mbele ilikataa kuwaka. Marubani wote wakazama kwenye taa, na hakuna aliyeona kwamba ndege imeacha kushika kimo chake na inashuka polepole gizani. Walikufa watu 101. Balbu ilikuwa imeungua tu.

Sasa geti. Sisi tuliokuwa tunaendelea na ndege ile ile tuliambiwa tushuke tusubiri. Saa moja na dakika 40. Kila aliyeenda kwenye meza alijibiwa "sababu za kiufundi". Mimi nilienda mara tatu, nikajibiwa hivyo mara tatu, mara ya tatu hata kichwa hakikuinuliwa kutoka kwenye kompyuta. Abiria mmoja akaanza kusema injini imeshika moto. Mwingine akasema aliona moshi. Moshi gani, jamani?

Aliyeuzima uvumi ni rubani mkuu mwenyewe, alipotoka na kusimama mbele ya ile meza. Akaeleza kwamba mafundi wameukagua mtambo na wameandika kwenye kitabu cha ufundi cha ndege. Ndege inaruhusiwa kuruka na baadhi ya vifaa vibovu mradi viko kwenye orodha iliyoidhinishwa, kwa masharti, na kila kimoja kina ukomo wa siku za kutengenezwa. Sharti letu lilikuwa kuruka chini zaidi, kwa hiyo lazima mafuta yaongezwe, na gari la mafuta ndilo lililokuwa linasubiriwa. Dakika moja ya maneno. Aliyekuwa anasema moshi akaenda kununua maji.

Nilipofika nyumbani niliwaandikia huduma kwa wateja, nikawasifu wahudumu kwa namba ya safari na tarehe, nikaomba watu wa geti wapewe angalau kile anachokijua rubani. Jibu lilikuja siku ya tisa. Lilianza hivi: "Mpendwa Mteja, tunasikitika kwa ucheleweshaji uliotokana na sababu za kiufundi."