Vifaa vya kupimia kwa karakana ndogo ya nyumbani: kipi ununue kwanza, kipi kingoje

Chukua kazi ya kawaida kabisa: unakereza shafti itakayovaa beringi 6204. Tundu la beringi hiyo ni milimita 20. Ili ikae kwa kubana, kwa kiwango cha k6 kinachotumika sana, shafti iwe kati ya 20.002 na 20.015. Nafasi yote ya kukosea ni mikroni 13 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Sasa ipime kwa kalipa ya dijitali, hata ile nzuri ya Mitutoyo: watengenezaji wenyewe wanaruhusu kosa la mikroni 20 juu au chini. Skrini inaandika 20.01, unaridhika, kumbe shafti ni 19.99. Beringi itaanza kuteleza juu ya shafti taratibu, utaona unga mwekundu kama kutu kwenye mkao wake, na baada ya muda shafti italika mpaka ianze kucheza.

Ndiyo maana mpangilio huu haufuati mazoea ya wengi ya kuanza na kalipa na kuishia hapo. Tunamfikiria mtu mwenye mashine ndogo ya kukereza ya mezani, hana mashine ya milingi bado, na bajeti yake ni ya kujikusanya.

1. Maikromita ya 0–25

Hii, inayopima milimita 0 hadi 25 kwa kuzungusha skrubu, ndiyo ya kwanza, na ndiyo ya kutumia pesa nyingi kuliko zote. Nunua ya kusoma kwa macho, si ya betri. Skrubu yake husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na ngoma (sehemu unayoizungusha) ina mistari 50, kwa hiyo kila mstari ni 0.01. Ukizoea, unaweza kukadiria hata nusu ya mstari. Kosa la wanaoanza ni moja tu, nalo ni kubwa: kuukosea mstari wa nusu milimita ulio kwenye mhimili (bomba lisilozunguka). Ngoma ikiwa imekaribia mstari huo, mtu anasoma 19.98 mahali pa 19.48, anaendelea kukata, na kipande kinakwenda kwenye chakavu. Dawa ni kupima kwanza kwa rula au kalipa ili ujue uko kwenye nusu milimita ipi, kisha maikromita ikupe zilizobaki.

Mpya za Mitutoyo ni bora lakini ghali. Insize ya China inatosha kabisa kwa karakana ya nyumbani. Kwa mtumba, tafuta Moore & Wright ya Uingereza, Starrett ya Marekani au Tesa ya Uswisi. Maikromita ya miaka 40 iliyotunzwa inashinda mpya isiyo na jina.

Ukiwa dukani, fanya hivi kabla ya kutoa hela. Funga taya zake juu ya karatasi safi, ivute itoke ili ifute uchafu, kisha funga tena kwa kutumia kitufe cha mwisho kinacholia *tik tik*, mara mbili au tatu. Ngoma isome sifuri. Ikipotea kwa mstari mmoja au miwili si tatizo: kwenye mhimili kuna kitundu kidogo, na spana yenye ndoano inayokuja ndani ya boksi huuzungusha mhimili huo mpaka sifuri ikae. Tatizo ni sifuri inayobadilika kila ukifunga. Kisha izungushe kutoka 0 hadi 25 polepole. Ukihisi sehemu moja inabana na nyingine imelegea, skrubu imelika, iache. Tazama nyuso za taya dhidi ya mwanga: ncha za kabidi zisiwe zimemeguka pembeni.

Usishawishike na seti ya nne, 0 hadi 100, kwa bei ya moja. Hizo mbili kubwa utazigusa mara mbili kwa mwaka. Nunua 0–25 nzuri sasa, na 25–50 utakapoihitaji. Hakikisha hiyo ya pili inakuja na kijiti chake cha milimita 25 cha kusawazisha sifuri.

*Jinsi ya kuikagua bila maabara.* Nunua beringi mbili mpya za kampuni inayoaminika, kwa wakala na si kwenye mkeka, maana beringi bandia ni nyingi. 608 ina kipenyo cha nje cha milimita 22, na hairuhusiwi kupungua zaidi ya mikroni 9. 6204 ina kipenyo cha nje cha 47, upungufu usiozidi mikroni 11. Maikromita yako ikisoma 21.99 hadi 22.00 kwenye ya kwanza, na ya 25–50 ikisoma 46.99 hadi 47.00 kwenye ya pili, una kifaa cha kuaminika. Zihifadhi beringi hizo kwenye mafuta, zisiwahi kufungwa kwenye kazi.

Na jambo la joto. Vipimo vyote vya chuma vimekubaliwa kwa nyuzi 20. Karakana ya Dar es Salaam au Mombasa ina 30 na zaidi, lakini hilo peke yake halikudhuru, kwa sababu maikromita na shafti zote ni chuma na zinatanuka pamoja. Kinachodhuru ni shafti iliyotoka tu kukatwa. Ikiwa na nyuzi 60 na maikromita iko 30, shafti ya milimita 20 inasoma mikroni 7 zaidi ya ukweli, zaidi ya nusu ya nafasi uliyonayo. Mkato wa mwisho ufanyike kipande kikiwa kimepoa.

2. Geji ya mshale na stendi ya sumaku

Ni saa yenye kijiti, inayoonyesha kitu kimecheza kiasi gani. Wengi huiweka mwisho. Tunaiweka hapa kwa sababu bila hii hujui mashine yako inakudanganya wapi. Chaki (kishikio cha kipande kinachozunguka) ya taya tatu kwenye mashine ndogo kwa kawaida hukosea 0.05 hadi 0.10. Ukitaka kitu kikae katikati sawasawa, unatumia chaki ya taya nne na geji, unasogeza taya moja huku ukilegeza ya upande wa pili. Kumbuka mshale unaonyesha mara mbili ya kosa: ukicheza 0.10, kipande kiko nje ya kati kwa 0.05. Asiyejua hilo huzidisha, na kazi ya dakika tano inakuwa nusu saa.

Chagua geji ambayo kijiti chake husogea milimita 10, mistari ya 0.01. Bonyeza kijiti chake mara tano na kukiachia. Mshale urudi palepale kila mara. Geji ya bei nafuu inaweza kukufaa. Stendi ya bei nafuu haifai, na hapo ndipo pesa hupotea. Isimamishe kwenye chuma, washa sumaku, gusa mkono wake kwa kidole kisha uachie. Mshale usiporudi kwenye sifuri, viungo vimelegea, na kila utakachosoma ni cha kubahatisha. Stendi yenye kitasa kimoja cha katikati kinachokaza viungo vyote ni rahisi zaidi kutumia kuliko zile zenye skrubu tatu. Na sumaku haishiki alumini, kwa hiyo usiitegemee juu ya meza ya alumini.

3. Kalipa ya milimita 150

Kwa kazi za kila siku, urefu, kina, na tundu lisilohitaji usahihi mkubwa. Aina zake tuzipange hivi:

*Ya vernia*, ya kusoma mistari kwa macho, kwanza. Haina betri, haina gia, na hata ikidondoka unaona kwa macho kama taya zimepinda. Ya 0.05 inatosha.

*Ya dijitali* ya pili, kama ni ya kampuni inayojulikana. Za bei ya chini hunyonya betri hata zikizimwa, hivyo itoe betri unapomaliza. Weka SR44 badala ya LR44. Volti yake haishuki taratibu.

*Ya mshale* ya mwisho. Meno yake yako wazi, na chenga moja ya chuma ikiingia, mshale unaruka jino na sifuri inahama bila wewe kujua.

Yoyote utakayochukua, funga taya uitazame dhidi ya mwanga, kisha pima 6204 kipenyo cha nje kwa mzizi wa taya, halafu kwa ncha. Ukiona tofauti ya wazi, taya zimelika. Kwenye matundu madogo ya milimita 3 hadi 5, taya za ndani husoma chini ya ukweli kwa sababu zina ubapa, usizitegemee hapo.

4. Vya kungoja

Pembe mraba ya chuma, mapema kidogo kuliko vingine hapa. Ijaribu kwa kuchora mstari, kuigeuza na kuchora tena: pengo la mistari ni mara mbili ya kosa lake. Geji za teleskopu za matundu (vijiti vinavyopanuka ndani ya tundu) ziko karibu nayo, zikisomwa kwa maikromita. Meza ya granite ya 300 kwa 200, ya kupimia juu yake, ni nzuri, ila kipande cha kioo kinene cha milimita 10 au 12 kitakufikisha mbali. Vipande vya kipimo (vya chuma vyenye unene unaojulikana kwa usahihi) na kitafuta ukingo (cha kutafuta ukingo wa kazi kwenye mashine), subiri mpaka uwe na milingi.

Pwani, usiviache ndani ya maboksi yenye sponji: sponji hushika unyevu, na kutu huanzia chini, upande usiouona. Vifute kwa mafuta mepesi, uvifunge kwa karatasi iliyopakwa mafuta, kisha kwenye droo.