Mchapaji wa River Road asiye na bango

Ukishuka kituo cha Tea Room, Nairobi, ingia River Road, kisha uulize mzee wa kadi. Bango usilitafute, halipo. Amewachapishia watu mabango tangu mimi niko shule ya msingi, lakini lake hajawahi kulitundika. Mganga hajigangi. Panda ngazi za giza hadi ghorofa ya pili; harufu ya wino itakupokea kabla ya mtu yeyote.

Niseme mapema kwamba mwaka 2013 nilikuwa mfanyakazi pale, kazi yangu ya kwanza baada ya chuo. Anayetaka maoni ya mtu asiye na upande atafute mwingine. Juzi nimerudi kama mteja, na vijitabu 300 vya mafunzo, saizi ya A5, kurasa 26.

“Ongeza mbili au toa mbili,” mzee akasema hata kabla ya salamu kuisha. Kijitabu cha kubanwa pini katikati lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne, maana karatasi moja ikikunjwa inazaa kurasa nne. Nilifundishwa hilo kwenye meza ile ile. Siku hizi nasimamia watu watano na karatasi sizigusi tena, ndiyo maana nikapeleka 26.

Tulipofikisha 28, akamwita kijana aliyeanza kazi mwezi jana. “Msomee dada.” Kijana akasoma nakala ya kwanza kwa sauti, neno kwa neno. Ni sheria ya tangu zamani pale: anayesoma ni yule mgeni kabisa kazini. Zamu hiyo ilipokuwa yangu niliona nadhalilishwa, kusomeshwa mbele ya wateja kama mtoto wa darasa la pili. Mpaka siku moja nikakwama kwenye kadi ya harusi iliyosema Jumamosi tarehe 15 Desemba, huku kalenda ya ukutani ikisema Jumapili. Mzee mwenyewe alikuwa ameshaipitisha. Hakunisifu. Aliniuliza tu, “Ulitaka kunyamaza?” Nikamjibu kweli, kwamba nilikaribia.

Kuanzia hapo akawa anatia makosa makusudi kwenye nakala zangu. Jina limerukwa herufi, namba ya simu imepungua tarakimu moja. Ilichukua wiki kadhaa kabla sijaweza kusema “Mzee, hapa umekosea” bila sauti kutetemeka.

Kijana wa juzi hakutetemeka. Ukurasa wa 9 alisimama. “Dada, hii sijaielewa.” Ilikuwa sentensi yangu. Nikaisoma mara tatu, na mimi pia sikuielewa.

Sasa lawama. Bei zote ziko kichwani mwa mzee. Alhamisi alienda ushago kwa mazishi, na vijitabu vyangu, vimeshakatwa na kubanwa, vikakaa mezani hadi Jumatatu kwa sababu hakuna mwingine anayeruhusiwa kutaja salio wala kukabidhi mzigo. Vijana wanaijua mashine kumliko, lakini daftari haligusiki. Na ugonjwa huo nilitoka nao pale! Miaka yangu ya kwanza ya usimamizi kila kitu kilikuwa kwenye simu yangu, hadi nikalazwa siku nne na ofisi ikasimama. Niliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa kugawa nywila.

Uchapaji wenyewe ni safi. Rangi ya jalada ilitoka kama nilivyotaka na kingo zimekatwa sawa. Faili yako iachie milimita 3 za ziada kila upande, la sivyo utarudishwa ngazi zote hizo. Nililipa shilingi 110 kwa kijitabu, nusu kwanza, nusu wakati wa kuchukua. Wanasiasa hulipa yote mapema. Mzee anasema aliyeshindwa uchaguzi hapatikani kwa simu.

Nampa nyota nne. Kama una haraka, piga simu kwanza uulize kama mzee yuko mjini. Hufunga saa kumi na moja na nusu jioni, Jumamosi saa saba mchana.