Uzoefu wangu: nusu siku ya kuvua nje ya mwamba wa Watamu

Mwanzoni mwa Februari nilikodi boti ya uvuvi mjini Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, pamoja na mume wangu, mdogo wangu wa kiume na shemeji yangu. Tulilipa shilingi 60,000 za Kenya kwa boti nzima, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, mafuta, chambo na zana zote zikiwa ndani ya bei hiyo. Kwa watu wanne ni shilingi 15,000 kila mmoja. Si fedha ndogo kwa saa sita, na ndiyo maana naona ni wajibu wangu kumweleza anayefikiria safari kama hii ni nini hasa tulichopata, na ni wapi tulipoona upungufu.

Kabla ya kulipa arbuni nilimwuliza nahodha maswali mengi kuliko ilivyo kawaida ya wageni, na sababu ninayo. Mwaka uliotangulia, katika mji mwingine wa pwani, tulichukua boti ya bei nafuu tuliyoipata ufukweni, na injini yake ikazimika tulipokuwa tumeshavuka mwamba. Redio haikuwemo, simu zetu hazikushika mtandao, na majaketi ya kuokolea maisha yalikuwa yamefungwa ndani ya gunia chini ya nyavu. Tulielea kwa muda wa saa mbili hivi, mkondo ukituchukua kuelekea kaskazini, mpaka wavuvi wa mashua wakatuona na kutuvuta hadi pwani. Tangu siku ile sipandi chombo ambacho sijakikagua mwenyewe.

Nahodha wa Watamu hakuchukizwa na maswali yangu. Alinionyesha cheti cha ukaguzi wa boti na leseni ya uvuvi, akawasha injini zote mbili moja baada ya nyingine, akafungua redio katika chaneli 16, ile ya wito na dharura baharini, na kuita mwenzake aliyekuwa nje, kisha akatoa jaketi moja sandukuni na kunivalisha palepale ili aone kama lanitosha. “Dada, anayeuliza nchi kavu hatanisumbua baharini,” aliniambia. Kwangu mimi, dakika zile kumi zilikuwa na uzito kuliko picha zote za samaki wakubwa zilizobandikwa ukutani ofisini kwake.

Asubuhi ya safari maji yalikuwa yamekupwa, kwa hiyo tulitembea hadi maji ya magotini kabla ya kupanda kidau kilichotufikisha kwenye boti. Tulitoka polepole tukiwa ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka 1968, ambamo uvuvi umepigwa marufuku. Nilipenda kuona kwamba mabaharia hawakugusa hata mshipi mmoja mpaka tulipokuwa tumetoka nje ya mpaka wa hifadhi, ingawa hapakuwa na askari wa wanyamapori aliyekuwa akitutazama. Wavuvi wanaoiheshimu hifadhi hata wakiwa peke yao ndio ninaotaka fedha zangu ziwafikie.

Nje ya mwamba bahari ya Watamu huanza kuwa na kina kirefu upesi, na rangi ya maji hubadilika kutoka kijani hadi buluu iliyoiva kabla hujapoteza minazi machoni. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Uvuvi huu ni wa kurambaza: boti inakwenda mwendo wa wastani, mishipi mitano au sita inaburutwa nyuma, mingine ikiwa imetandazwa mbali kwa fimbo ndefu za pembeni ili isisokotane. Mingine ilikuwa na chambo bandia chenye mikia ya rangi kinachorukaruka juu ya maji, na mingine minofu ya samaki iliyoshonwa kwenye ndoana kwa uzi mwembamba. Baharia mmoja, kijana aliyesema amejifunza bahari katika mtumbwi wa baba yake, alikuwa akishona minofu ile haraka kama fundi cherehani, bila kutazama vidole vyake, macho yakiwa juu ya ndege. Ndege wakikusanyika na kupiga mbizi, kuna dagaa chini yao, na palipo na dagaa, samaki wakubwa hawako mbali.

Wa kwanza kushika alikuwa fulusi, na mume wangu ndiye aliyemvuta. Samaki huyu sikuwahi kumwona akiwa hai. Alipotolewa majini ubavu wake ulikuwa wa dhahabu wenye madoa ya buluu, mgongo kijani kinachong'aa, na katika muda usiozidi dakika chache rangi zote zikafifia mbele ya macho yetu hadi akabaki kijivu. Nilinyamaza. Aliyezoea kumkuta fulusi sokoni amelala juu ya barafu hajui amekosa kuona nini.

Saa 3 na nusu hivi, nahodha alipaza sauti kutoka juu: “Sulisuli! Upande wa kulia!” Nikaona upanga mwembamba unapasua maji nyuma ya chambo, kisha tanga la mgongoni likainuka, jeusi lenye buluu. Baharia alinipa mimi fimbo ya kuvulia. Silika yangu ilikuwa kuvuta kwa nguvu, lakini nahodha akanizuia: “Dada, usivute. Mwache ale, hesabu polepole, kisha kaza.” Ndoana waliyotumia ni ile ya duara, ambayo ncha yake imepinda kwa ndani, haihitaji kuvutwa kwa kishindo, na mara nyingi hunasa pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni. Mshipi ulikimbia kwa mlio ambao bado ninausikia. Samaki yule aliruka mara tano au sita, mwili wote nje ya maji, akitikisa kichwa. Mikono yangu ilitetemeka na mgongo ukauma, na kila nilipodhani amechoka alichukua tena mita zote nilizokuwa nimezirudisha.

Baada ya kama dakika ishirini na tano alifika ubavuni mwa boti. Baharia alivaa glavu, akamshika upanga, akamwacha mwili ukiwa majini wakati wote. Mwenzake alimchoma kitambulisho kidogo cha plastiki chenye namba chini ya tanga, kisha ndoana ikatolewa kwa koleo. Nahodha aliendesha boti taratibu ili maji yapite kwenye matamvua ya samaki, na baharia hakumwachia mpaka alipouona mkia umeanza kupiga kwa nguvu zake mwenyewe. Halafu akazama, na maji yakafunga. Nahodha aliandika kwenye kadi tarehe, mahali na kadirio la uzito, kilo 25, kadi ambayo hupelekwa African Billfish Foundation, shirika linalofuatilia mienendo ya samaki hawa. Akivuliwa tena mahali pengine, namba ile itaonyesha alikopita. Mdogo wangu aliuliza kwa nini tumemwacha samaki wa thamani namna ile. Mimi niliridhika kabisa, na nisingemkodi tena nahodha ambaye angemwua sulisuli kwa ajili ya picha tu.

Tulirudi na fulusi wawili na nguru mmoja, na hapo ndipo tulipopata kutoelewana. Sisi tulidhani samaki ni wetu kwa kuwa tumelipia boti. Nahodha akaeleza kwamba kwa desturi yao samaki ni wa chombo, na mgeni hupewa kipande cha kula. Hakutudanganya, lakini hakutuambia mapema, na mimi kwa wingi wa maswali yangu sikuliuliza hilo. Hatimaye alitupa fulusi mmoja mzima, tukampika kwa nazi jioni ile. Jambo hili lapasa kusemwa kabla ya mtu kutoa arbuni, si samaki wakiwa tayari wamelala gatini.

Upungufu mwingine ni kivuli, ambacho kilitosha watu wawili tu, na choo ni kidogo mno, ingawa ni safi. Mdogo wangu alichafukwa na moyo tangu saa 2 na hakupata nafuu hadi tulipoingia ndani ya mwamba. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu alikinywa tukiwa tayari tumeng'oa nanga, na kwa maelezo ya mabaharia kingefaa zaidi kama angekinywa usiku.

Kuhusu msimu, sisi tulibahatika kwenda wakati wa kaskazi, na mawimbi yalikuwa ya kuvumilika. Kusi ikishika nguvu, hasa kati ya Mei na Julai, bahari huchafuka na boti nyingi hupandishwa pwani kwa matengenezo, hivyo ukiitiwa safari ya bei ya chini sana katika miezi hiyo, uliza vizuri.

Nimeshalipa arbuni ya safari ya siku nzima mwezi Oktoba, kwa ajili ya jodari, kwa nahodha yuleyule. Safari hii mgao wa samaki ameuandika kwenye risiti kwa mkono wake: nusu ya boti, nusu yetu, na sulisuli wote warudi baharini.